Wepesi wa kijeni na saratani ya mlango wa kizazi

Mwanamke akifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, msibani hakosekani wa kunong'ona kama binti zake nao "wanayo kwenye damu". Swali si la kijinga, ila linachanganya mambo mawili, na maandishi yetu ya afya hayalisaidii. Humo utakuta "saratani ya kurithi", "mwelekeo wa kinasaba" na "uathirikaji wa kijeni" zikipishana kana kwamba ni mamoja.

Tuanze na chanzo. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na virusi vya papiloma, HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeitambua aina ya 16 na ya 18 katika uvimbe wa saratani hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili huhusika na takriban asilimia 70 ya wagonjwa duniani. Lakini wanawake wengi huambukizwa HPV wakati fulani maishani, na kwa walio wengi mno virusi huondoka vyenyewe ndani ya miaka miwili hivi, bila dawa na bila mwenyewe kujua vilifika. Kwa wachache vinang'ang'ania, na kwa baadhi ya hao, baada ya miaka 15 hadi 20, seli hugeuka saratani. Kwa nini huyu na si yule? Sigara ina mchango. VVU vina mchango mkubwa zaidi: anayeishi navyo ana hatari ya takriban mara sita. Kisha zipo jeni.

Ushahidi mzuri ulitoka Sweden, nchi ambayo imekuwa ikiandikisha wagonjwa wa saratani tangu mwaka 1958 na inajua nani ni mzazi wa nani, wa kuzaa na wa kulea. Mwaka 1999 watafiti wa huko walilinganisha makundi hayo. Binti ambaye mama yake mzazi alipata uvimbe wa mlango wa kizazi alikuwa na hatari karibu mara mbili ya wenzake, na dada wa baba na mama mmoja hivyo hivyo. Kwa dada wa kuchangia mzazi mmoja hatari ilipungua. Kwa mama mlezi na binti wa kulea haikuonekana tofauti ya kutegemewa, ingawa walikaa nyumba moja na kula chungu kimoja. Kama kisa kingekuwa mazingira ya nyumbani tu, mtoto wa kulea naye angeguswa.

Mwaka uliofuata walikadiria urithikaji kuwa asilimia 27. Tarakimu hiyo husomwa vibaya mara nyingi. Haisemi kwamba robo ya ugonjwa wa Asha imetoka kwa mama yake. Inasema kwamba, ukitazama jamii nzima, kiasi hicho cha tofauti kati ya mwanamke na mwanamke kinaelezwa na jeni zao.

Jeni zipi hasa? Nyingi zinazotajwa ziko kwenye kromosomu ya 6, katika kundi liitwalo HLA. Seli hukatakata protini zilizomo ndani yake, zikiwemo za virusi, na kuvitoa vipande hadi juu ya utando wake ili chembe nyeupe za damu zikague. Molekuli za HLA ndizo sinia za kubebea vipande hivyo. Umbo la sinia hutofautiana sana kati ya watu: kwa mmoja vipande vya HPV vinakaa sawasawa na askari wa mwili wanaviona, kwa mwingine vinakaa vibaya, na virusi vinaendelea kukaa kimya. Aina ya DRB1*13, kwa mfano, imeonekana tena na tena zaidi kwa wanawake wasiopata saratani hii. Kila mtu hupewa seti moja na mama na nyingine na baba, hivyo dada wawili wa baba na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kufanana seti zote mbili. Ndiyo maana hata ndani ya ukoo mmoja hakuna hukumu moja.

Kwa hiyo "saratani ya kurithi" niiache kwa magonjwa kama saratani ya matiti ya wenye jeni ya BRCA1 iliyoharibika, ambako jeni moja hubeba mzigo mkubwa. "Mwelekeo wa kinasaba" unaashiria mtu ameshaanza safari ya kwenda kwenye ugonjwa, na kwa Mtanzania neno vinasaba humpeleka moja kwa moja kwa Mkemia Mkuu na kesi za baba wa mtoto. "Uathirikaji wa kijeni" ni sahihi, ila ni wa kamusini. Sijawahi kumsikia muuguzi akiutamka. Napendelea "wepesi wa kijeni", kwa sababu tayari tunasema fulani ni mwepesi wa kushikwa na mafua, na hakuna anayeelewa kwamba mafua kazaliwa nayo. Bila virusi, wepesi huo hauna cha kufanya.

Tahadhari moja. Tafiti kubwa za jeni hizi zimefanywa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Waafrika ndio wenye jeni za namna nyingi kuliko watu wengine wote. Aina inayoongeza hatari Stockholm huenda isiwe na uzito huo Mwanza. Kipimo cha HLA hakitumiki kuamua nani apimwe mlango wa kizazi. Anayeulizwa kliniki kama mama au dada yake aliugua ajibu kweli, kisha apimwe kwa siki au kwa kipimo cha HPV kama mwingine yeyote. Na chanjo, ambayo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, huzalisha kingamwili kwa karibu kila anayechanjwa, mwepesi na asiye mwepesi.