Mbiu ya Kijiji cha Protoni

Kiasi cha maili 30 magharibi mwa Chicago kuna maabara kubwa ya fizikia ambayo leo inajulikana kwa jina la Fermilab. Katika miaka yake ya mwanzo maabara hiyo ilikuwa na jarida dogo la wafanyakazi lililoitwa The Village Crier, yaani mpiga mbiu wa kijiji. Mtu akilisikia jina hilo anaweza kudhani ni utani wa wanasayansi. Haukuwa utani mtupu, kwa sababu kijiji kilikuwepo kweli, na namna kilivyopatikana ni hadithi inayostahili kusimuliwa kabla ya zile za protoni.

Kijiji chenyewe kiliitwa Weston: mtaa mpya wa nyumba ndogo katikati ya mashamba ya mahindi ya Illinois. Desemba 1966, Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilitangaza kuwa hapo ndipo itakapojengwa mashine kubwa kuliko zote za kuzipa kasi protoni. Maeneo zaidi ya 200 yalikuwa yamependekezwa kote nchini, na Weston ikashinda. Lakini ushindi huo uliwagharimu wenyeji. Jimbo lilitwaa ekari zipatazo 6,800, wakulima wakahama, wakazi wa Weston nao wakahama, na Weston ikafutika kama mji. Nyumba zilibaki. Maabara ilizipaka rangi za kung'aa ikazifanya ofisi na malazi. Nyumba kadhaa za wakulima zilin'golewa zilipokuwa, zikasogezwa nzimanzima hadi kijijini, ili wanasayansi wageni wapate pa kulala.

Kulikuwa na kero nyingine, kubwa zaidi. Mwaka 1967 Illinois haikuwa na sheria ya kumzuia mwenye nyumba kumnyima mtu mweusi nyumba kwa sababu ya rangi yake. Serikali ilitaka kumwaga mamilioni ya dola mahali ambapo fundi mweusi angeweza kuajiriwa mchana na kukosa pa kulala usiku. Watetezi wa haki za raia walipiga mahema karibu na Weston kupinga. Mjini Washington, Seneta John Pastore alijaribu kuzuia fedha za ujenzi mpaka suala la makazi litatuliwe. Alishindwa kwa kura. Mradi uliendelea, ila swali lake halikwenda popote: kijiji hiki kipya kitakuwa cha nani?

Jibu lilibidi litoke kwa watu wawili waliokabidhiwa maabara, mkurugenzi Robert Wilson na naibu wake Edwin Goldwasser. Machi 1968 walitoa tamko la sera kuhusu haki za binadamu. Kwa ufupi lilisema kwamba pale urahisi wa kiufundi utakapogongana na haki za binadamu, maabara itasimama upande wa haki. Tuangalie tarehe. Sheria ya taifa ya kukataza ubaguzi katika makazi ilitiwa saini Aprili, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa. Tamko lilitangulia sheria.

Lakini karatasi haiajiri mtu. Maabara ilikwenda Chicago kutafuta vijana weusi ambao wengi wao hawakuwa na vyeti vya maana, ikawapeleka Oak Ridge, Tennessee, kujifunza ufundi, kisha wakarudi kufanya kazi kwenye mashine. Hapa historia ina kejeli yake. Oak Ridge ni mji uliojengwa kwa siri wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kurutubisha urani ya bomu. Wafanyakazi weusi wa enzi hizo waliwekwa katika vibanda vya mbao vya chumba kimoja, na wenye ndoa walitenganishwa, mume huku na mke kule. Robo karne baadaye, vijana weusi walipanda gari kwenda mji uleule kuchukua ujuzi ambao wazazi wa rika lao hawakuruhusiwa hata kuukaribia.

Wilson mwenyewe alitokea kwenye bomu. Aliongoza idara ya utafiti kule Los Alamos, ambako wanasayansi waliishi nyuma ya waya na walinzi. Maabara yake mwenyewe aliijenga kinyume na hiyo. Mwaka 1969 alileta baisani, nyati wa Marekani, dume mmoja na majike wanne, wakalishwa kwenye nyasi za maabara. Aliyatengeneza masanamu mengine kwa mikono yake. Mwaka huohuo aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, na aliyemhoji alikuwa Pastore yuleyule. Seneta alitaka kujua mashine hii itasaidia nini katika ulinzi wa taifa. Wilson alijibu kwamba haina mchango wa moja kwa moja katika ulinzi, isipokuwa kulifanya taifa listahili kulindwa. Jibu hilo linanukuliwa mpaka leo, lakini mara chache anayelinukuu hukumbusha kwamba miaka miwili nyuma muulizaji alikuwa ameuliza swali jingine: fundi mweusi atalala wapi? Ukiyaweka maswali hayo mawili pamoja, jibu la Wilson linageuka deni. Taifa linalostahili kulindwa ni lile ambalo kila mtu wake anapata nyumba.

Ndiyo maana majarida kama The Village Crier yana thamani kwetu tunaosoma historia. Vitabu vya sayansi vinatuambia nani aligundua nini. Jarida la wafanyakazi linatuambia nani alikuwa mwenzetu. Mfano mzuri ni Felicia. Mwaka 1971 mabomba ya maabara yalikuwa na chenga za chuma zilizobaki ndani, na protoni hazipiti penye uchafu. Mhandisi mmoja Mwingereza alikumbuka kwamba kwao wawindaji hutumia fereti, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche anayependa kuingia mashimoni. Wakamnunua mmoja kwa dola 35, wakamwita Felicia, wakamvisha ukosi wenye uzi. Alikataa kuingia kwenye pete kuu yenye mzunguko wa maili nne, lakini mabomba mafupi ya futi 300 hivi aliyakubali. Akifika upande wa pili, mafundi walitumia ule uzi kuvuta kitambaa cha kusafishia. Baadaye ulibuniwa ufundi mwingine na Felicia akastaafu. Alifariki Mei 1972, miezi michache baada ya mashine kufikia nguvu iliyokusudiwa.

Hadithi hiyo inachekesha, na nyuma yake kuna hofu. Wakati huo sumaku za pete kuu zilikuwa zikiharibika kwa mamia, handaki lina unyevu, na mafundi wanazitoa na kuzirudisha usiku na mchana. Watu waliochoka hivyo walihitaji jambo la kuwachekesha. Walihitaji pia ngoma ya Jumamosi katika ghala la zamani la mkulima, filamu, na baadaye kituo cha kulelea watoto ndani ya eneo la kazi, kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mama anayeendesha mashine zamu ya asubuhi hawezi kufikiria protoni kama hajui mtoto yuko na nani. Mambo haya hayaingii kwenye makala za kisayansi, lakini bila hayo makala zenyewe zisingeandikwa.

Tusiipambe maabara kupita kiasi. Wakulima waliotolewa hawakuulizwa kama wanapenda kumpisha protoni, na tamko la 1968 halikuumaliza ubaguzi katika miji ya jirani. Majirani nao walikuwa na wasiwasi wao: uvumi ulienea kwamba baisani wamewekwa pale ili wakianza kufa watu wajue mionzi imevuja. Haikuwa kweli, lakini uvumi wa namna hiyo huzaliwa pale ambapo wageni wamefika na wenyeji hawajaelezwa vya kutosha.

Tarehe 30 Septemba 2011 mashine ya Tevatron, iliyotumika kugundua kwaki ya juu mwaka 1995, ilizimwa. Aliyebonyeza vitufe ni Helen Edwards, mwanamama aliyeongoza ujenzi wake. Wafanyakazi walikusanyika kushuhudia, kama watu wanavyokusanyika msibani.

Ndani ya eneo la maabara kuna makaburi ya kale ya walowezi na wakulima wa karne ya 19. Maabara iliyaacha yalipo na kuyatunza. Robert Wilson alipofariki Januari 2000, alizikwa hapo, miongoni mwa watu ambao vizazi vyao vilihamishwa ili yeye ajenge. Baisani bado wanalisha jirani.