Kupiga Windows

Fundi wa mtaani hasakinishi. Anapiga Windows, na sioni ubaya. Tunapiga pasi, tunapiga deki. Tatizo ni kwamba "kupiga" huko kumemeza vitendo viwili. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, kompyuta nyingi zilikuwa na diski za FAT32, mfumo wa mafaili usiopokea faili la kufikia GB 4. Kuhamia mfumo mwingine, NTFS, kulikuwa na njia mbili: kugeuza, mafaili yakabaki, au kufomati, yakafutika. Na ukishageuza, kurudi FAT32 kwa zana za Windows kulidai kufomati. Basi muulize fundi: unageuza au unafomati? Hata akisema anageuza, nakili kwanza picha za harusi. Umeme wetu unajulikana.