Kitundu Kilicholeta Ugomvi: Historia ya Magari ya Bei Chee Yaliyoingia Mashindanoni

Oktoba 2014, uwanja wa Laguna Seca, California. Fainali za kitaifa za mbio za magari za ridhaa zimemalizika, na madereva wa vigari vya Mazda Miata wameshashuka, jasho linawatoka, wengine wanapongezana. Kisha wakaguzi wakataka injini zifunguliwe.

Silinda hedi zilipotolewa, kwenye baadhi ya magari ikaonekana chuma kimechongwa ndani ya njia za kupitisha hewa, pale karibu na vali. Kimechongwa kidogo tu, kiasi ambacho mtu wa kawaida asingeona tofauti hata angeonyeshwa kwa kidole. Lakini kitabu cha sheria hakikuruhusu. Magari kadhaa yaliyomaliza mbele yakafutiwa matokeo, na mabishano yakaanza. Wengine walisema huo ni uchakachuaji wa wazi. Wengine wakadai kila fundi mkubwa wa injini alikuwa anafanya hivyo hivyo, ila siku ile ndo ilikuwa arobaini yao.

Sasa mtu wa mtaani atauliza: kitundu kwenye injini ya gari la bei chee kinagombaniwa cha nini? Mbio zenyewe za ridhaa, watu wana kazi zao Jumatatu, na hakuna anayetajirika pale. Kujibu hilo inabidi kurudi nyuma sana, kabla hata Mazda haijajua kutengeneza gari.

Kigari cha pauni 165

Mwaka 1922 kampuni ya Austin ya Uingereza ilitoa kigari kinachoitwa Austin 7. Bei yake ya kuanzia ilikuwa pauni 165, na kilitengenezwa kwa ajili ya familia ambazo uwezo wao ulikuwa unaishia kwenye pikipiki yenye kiti cha pembeni. Injini ilikuwa na silinda nne na ukubwa usiofika cc 750. Kwa macho ya leo ni kama toy.

Kiliendelea kuundwa hadi 1939, na baada ya hapo mitumba yake ikajaa kila kona. Bodi zilikuwa zimeoza, lakini chesisi na injini bado zilikuwa nzima. Vijana wasiokuwa na mkwanja wakaona fursa. Walikuwa wanang'oa bodi ya familia, wanaweka bodi nyepesi ya mabati au mbao, wanashusha gari chini, halafu wanaenda kushindana. Klabu yao, 750 Motor Club, ilianzishwa 1939, na baada ya vita ikaweka daraja maalumu la magari yanayotokana na Austin 7. Lengo lilikuwa moja: mtu wa kipato cha kawaida naye apate pa kushindania.

Mmoja wa vijana hao alikuwa mwanafunzi wa uhandisi jijini London. Mwaka 1948 alimalizia gari lake la kwanza kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya wazazi wa mpenzi wake. Kwa kifupi, gereji yake ilikuwa ukweni.

Jamaa huyo aligundua udhaifu mmoja. Injini ya Austin 7 ina silinda nne, lakini njia za kuingizia hewa na mafuta ni mbili tu, kwa hiyo kila njia inagawana silinda mbili. Ni kama watu wawili kunywa soda moja kwa mrija mmoja: mmoja akivuta, mwenzake anakosa. Kwa gari lake la 1951 akatia kizuizi chembamba ndani ya kila njia ili igawanyike mara mbili. Ghafla kila silinda ikawa na mlango wake. Gari likawa linaacha wenzake mbali kiasi kwamba mbio zikapoteza ladha.

Alikuwa amevunja sheria? Hapana. Sheria haikusema chochote kuhusu kizuizi cha ndani. Klabu ikakaa, ikaandika sheria mpya, na ujanja ule ukapigwa marufuku.

Mwaka 1952 kijana huyo akasajili kampuni, mtaji ukiwa pauni 25 alizokopa kwa mpenzi wake yule yule. Kampuni ikaitwa Lotus, na baadaye ikachukua ubingwa wa watengenezaji wa Formula 1 mara 7. Safari yote hiyo ilianzia kwenye mtumba, gereji ya ukweni na kitundu kimoja.

Moto ukafika Afrika Mashariki

Tabia hiyo ya kuchukua gari la kawaida na kulipeleka mashindanoni haikubaki Ulaya. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka yake ya mwanzo madaraja yalipangwa kwa bei ya gari dukani, siyo kwa ukubwa wa injini. Yaani mwenye gari la bei ndogo alipimwa na wa bei ndogo mwenzake. Waandaaji walijua wakiacha pesa iamue, watu wa kawaida watabaki kuwa watazamaji wa vumbi.

Halafu ikaja 1965. Ndugu wawili wa Kenya, mmoja wao fundi wa gereji aliyeshika spana tangu ujana, waliingia na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Mtumba wa mashindano, kwa lugha nyepesi. Kiwanda kilikuwa kimemalizana nalo. Fundi akalishughulikia kwa mikono yake, kisha wakapita maelfu ya kilomita za tope na mawe na kumaliza wa kwanza, wakiziacha timu za viwanda nyuma yao.

Gari lile lilifika kwa sababu aliyekuwa kwenye usukani ndiye aliyeijua kila nati yake, na alijua lini aendeshe kwa kasi na lini alihurumie.

Pengo la 1980 na wazo la mwandishi

Marekani nako, baada ya vita wanajeshi walirudi nyumbani wakiwa wameonja vigari vidogo vya Kiingereza vya viti viwili, na klabu ya SCCA, iliyoanzishwa 1944, ikakua ikiwa nyumbani kwa mbio za ridhaa. Kwa miaka mingi gari la kijana mwenye kiu ya mbio lilikuwa MG au ndugu zake. Tatizo lilijulikana: linavuja oili, na umeme wake unazingua. Mwaka 1980 kiwanda cha MG kule Abingdon kikafungwa, na gari jepesi la wazi la bei ya kawaida likawa karibu limekufa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwandishi wa habari za magari kutoka Marekani alikuwa amekaa na bosi wa utafiti wa Mazda nchini Japani. Akaulizwa Mazda itengeneze nini. Akajibu kwamba watengeneze kigari kama vile vya Waingereza, injini mbele, nguvu iende tairi za nyuma, paa la turubai, ila kiwe kinawaka kila asubuhi. Mwaka 1981 mwandishi huyo akaajiriwa na Mazda California, na wazo lake likaanza kutembea kwenye makabati ya ofisi.

Februari 1989, kwenye maonyesho ya Chicago, Miata ikazinduliwa. Injini cc 1600, nguvu farasi 116, uzito chini ya kilo 1,000, bei dola 13,800. Kwa karatasi haitishi. Lakini uzito uligawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, na likikata kona dereva analisikia mpaka kiunoni. Mwaka 2000 likaingia kwenye rekodi za Guinness kama gari la michezo la viti viwili lililouzwa zaidi duniani, na 2016 likafika gari la milioni moja.

Hela ya kwanza inaenda wapi

Magari hayo yalipoanza kuwa mitumba, wapenzi wa mbio wakayavamia kama babu zao walivyoivamia Austin 7. Na hapa ndipo wengi mtaani wanapokosea. Kijana akipata gari lake la kwanza, hela ya kwanza inaenda kwenye eksozi na rimu. Mtu wa mbio anaanza kwingine kabisa.

Kwanza breki. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa taratibu. Ukifunga breki kali mara kumi mfululizo, joto linachemsha ule unyevu, mapovu ya mvuke yanajaa ndani ya bomba, na pedali inazama mpaka chini bila gari kusimama. Kwa hiyo unabadilisha mafuta na kuweka pedi zinazovumilia joto kabla hujawaza kuongeza nguvu.

Pili kichwa chako. Gari la paa la turubai likipinduka, kinachobaki juu ni kioo cha mbele na fuvu la dereva. Ndo maana hakuna Miata ya mbio isiyo na fremu ya vyuma iliyofungwa kwenye bodi, kiti kinachokumbatia na mikanda ya kupita mabegani.

Tatu joto la injini. Rejeta ya zamani ina sehemu ya juu ya plastiki, na ikizeeka inabadilika rangi kuwa kahawia kabla ya kupasuka. Ukiiona hivyo, usisubiri ipasuke.

Nne, ujue ugonjwa wa gari lako. Injini za mwanzo kabisa za cc 1600 zina krenki yenye pua fupi ambayo puli yake ikilegea inakula chuma, na hapo injini ndo imekwisha. Difu la gari la cc 1600 nalo ni dogo, kwa hiyo wengi hubadilisha na kuweka la cc 1800.

Baada ya hayo ndo unafika kwenye shokapu, springi na tairi. Nguvu za injini zinakuja mwisho, na kwenye daraja maarufu kuliko yote hazikuja kabisa, kwa makusudi.

Sheria ya kumlinda mwenye kidogo

Daraja hilo ni Spec Miata, lililofika hadhi ya kitaifa ndani ya SCCA mwaka 2006. Kanuni yake ni rahisi kueleza: wote shokapu na springi za aina moja, wote tairi za aina moja, uzito wa chini umepangwa, na injini zenye nguvu zaidi zinawekewa kibati chenye tundu ili zivute hewa kidogo. Anayeshinda awe amemzidi mwenzake kwenye kona, siyo benki.

Mwaka huo huo 2006, California, wakaanza wengine kwa staili ya vichekesho. Mashindano ya 24 Hours of Lemons yaliweka ukomo wa dola 500 kwa gari zima. Ukionekana umezidisha, unakatwa mizunguko. Miaka ya mwanzo washiriki walikuwa wanapiga kura, na gari lililochukiwa zaidi linasagwa mbele ya mwenyewe. Lakini kwenye zile dola 500 vitu vya usalama havihesabiwi. Fremu, kiti na breki unaruhusiwa kununua vya bei yoyote. Utani una mpaka, na mpaka wenyewe ni uhai wa mtu.

Kitundu kile kile

Rudi sasa Laguna Seca. Spec Miata ilipokua, ubingwa wake ukawa na jina, na jina likavuta wenye hela. Wakatokea mafundi maalumu wa injini, na injini moja kutoka kwao ikawa inagharimu kuliko gari zima la mtu mwingine kwenye mstari ule ule. Sheria ilikataza kuongeza nguvu, kwa hiyo ushindani ukahamia kwenye vipimo vidogo visivyoonekana, hadi kufikia kuchonga njia za hewa.

Kutoka 1951 hadi 2014 ni miaka 63, na ugomvi ni wa sehemu ile ile ya injini. Tofauti ipo moja. Yule kijana wa London alitumia akili yake kwenye mtumba wake mwenyewe, mahali ambapo sheria ilikuwa kimya, na klabu ilipokataza akaacha. Hawa wa 2014 walikuta sheria imeshaandikwa, na baadhi yao walikuwa wamemlipa mtu mwingine awachongee.

Ndo maana kitundu kinagombaniwa. Ukikiacha mwaka huu, mwakani kila anayetaka kushinda atalazimika kununua injini ya bei mbaya, na mwaka unaofuata yule fundi aliyejenga gari lake usiku baada ya kazi atabaki nyumbani. Gari litakuwa bado linaitwa la bei chee, ila kwenye mstari wa kuanzia hatakuwepo mtu wa bei chee.

Wakaguzi waliofungua injini siku ile walikuwa wanamtunzia mtu huyo nafasi yake. Wewe ungekuwa mkaguzi, ungezifuta zile gari au ungeziacha?