Kutoka mahameni hadi njia panda: kwa nini watu wa Njombe wamehama tangu enzi za kodi

Sensa ya mwaka 2002 iliwahesabu watu zaidi ya 105,000 wilayani Makete. Makarani waliporudi mwaka 2012 walikuta 97,266. Wakati nchi nzima ikiongezeka kwa asilimia 2.7 kila mwaka, wilaya ile ya milimani ilikuwa imepungua. Ukimwi ulichangia, na Makete hakuna atakayekuficha hilo. Lakini makaburi peke yake hayamalizi hesabu. Wengine walikuwa Mbeya sokoni, Kariakoo dukani, na mjini Makambako.

Mkoa mzima wa Njombe, wenye wilaya hiyo na uliomegwa kutoka Iringa mwaka huohuo wa 2012, ulikuwa wa mwisho Tanzania Bara na Visiwani kwa kasi ya kuongezeka watu: asilimia 0.8. Nimewahi kusikia jambo hili likielezwa kwa mkato kwamba Wabena na Wakinga, wenyeji wa mkoa huo, ni watu wa kutanga. Anayesema hivyo hajalala Njombe mwezi wa Julai. Katika baridi ile hakuna anayeliacha jiko la mama yake kwa kupenda tu kutanga. Kila wimbi la kuondoka lilikuwa na sababu yake, na sababu zenyewe zinatajika.

Vita ndivyo vilivyotangulia. Katika karne ya 19 Wabena walibanwa na Wahehe, na baadhi yao wakateremka hadi bonde la Kilombero, wakawa watu wa mito na mpunga, ambao A. T. na G. M. Culwick waliandika kitabu kuwahusu mwaka 1935. Mwaka 1905 Maji Maji ikafika: misheni ya Yakobi ikashambuliwa mwezi Septemba, na baada ya vita ikaja njaa iliyotawanya watu upya.

Kisha kodi. Wajerumani walianza kuidai kwa kila nyumba mwaka 1898, Waingereza wakairithi, na hatimaye ilitakiwa kwa fedha taslimu. Mchaga aliuza kahawa, Msukuma akauza pamba. Mbena alikuwa na mahindi, ulezi na ng'ombe wachache, na reli ya karibu zaidi ilikuwa mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Angeuza nini, na amuuzie nani? Akauza nguvu zake.

Mnunuzi alikuwa Tanga. Mashamba ya mkonge yalihitaji watu wa kukata majani, kufyeka na kuhudumia mitambo ya kusindika, na wenyeji wa pwani wenye minazi na mihogo yao hawakuiona sababu ya kujichoma miiba kwa ujira ule. Wenye mashamba wakawafuata watu wa mbali. Mwaka 1944 walianzisha ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Njombe ikawa miongoni mwa wilaya zilizotoa watu wengi. Aliyeandikishwa alipewa namba, na namba ikawa jina: manamba. Alipewa pia kipande, kadi yenye nafasi 30, na siku iliwekwa alama tu baada ya kumaliza kazi yote aliyopimiwa. Siku 30 za kipande zingeweza kuchukua mwezi na nusu. Mshahara ulisubiri kipande kijae.

Hapa lugha yenyewe inatufundisha kitu. Mwanamume aliyepanda lori kwenda Tanga hakusema amehama. Alisema amekwenda kutafuta. Mke alibaki akilima, nyumba ilibaki ikifuka moshi, na shamba lilibaki na jina lake. Mkataba ukiisha alirudi na blanketi, pengine baiskeli, akalipa kodi, akatoa mahari ya mdogo wake, akaondoka tena. Kuhama kulianza siku mke alipomfuata, au siku alipooa hukohuko Korogwe au Muheza akaacha kutuma salamu. Ndiyo maana Tanga bado kuna familia zenye majina ya Kibena ambazo hazijawahi kuiona Njombe.

Kampuni ya miwati, TANWAT, ilifungua kazi za mshahara nyumbani Njombe kuanzia mwaka 1949, lakini haikuwatosha wote. Kilichoufunga mkondo wa Tanga ni soko la dunia: katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ilianguka, nyuzi za plastiki zikachukua nafasi yake, na uandikishaji ukakoma.

Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mkoa wa Iringa, ambao Njombe ilikuwa ndani yake, ulikwisha kuonja uchungu wa siasa ya ujamaa: Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa Isimani siku ya Krismasi ya mwaka 1971. Sasa ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliokaa mmojammoja kwenye vilima, kila nyumba na shamba lake mlangoni, walipangwa kwa mistari kando ya barabara. Shule ilikuja, zahanati ikaja, bomba la maji likaja mahali pengine; hayo tusiyakane. Lakini shamba sasa lilikuwa mbali, na nyuma yao waliacha mahame.

Neno hilo, mahame, ukilitamka Ubena, wazee hunyamaza kidogo. Hame hulijui kwa kuta, kwa sababu udongo ulisharudi kuwa udongo. Unalijua kwa mianzi ya ulanzi. Mianzi haipandi lori. Mwenyewe alihamishwa, mianzi ikabaki palepale ikitoa pombe kila masika.

Wakati amri ikiwapanga watu vijijini, mji mwingine ulikuwa unajipanga wenyewe bila amri ya mtu. Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia mwezi Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Ikaja barabara kuu ya lami kutoka Dar es Salaam, ikaja na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Kipande kilichowatoa wajenzi jasho zaidi ni kile cha kupanda kutoka Mlimba kuja Makambako, mahandaki na madaraja yakifuatana. Katika miaka ya 1980 Uingereza ikagharamia lami ya kwenda Njombe na Songea, nayo ikachepukia hapohapo. Reli, barabara kuu na njia ya Ruvuma vikakutana Makambako.

Basi Mkinga akashuka na bidhaa zake, Mbena na gunia la viazi, Mngoni na mahindi, na dereva wa lori na njaa yake. Mama lishe akampikia, mwenye gesti akamlaza. Mwaka 2012 Makambako ilihesabiwa watu 93,827, karibu sawa na wilaya nzima ya Makete. Muulize mtu pale kwao ni wapi. Mara nyingi atakutajia kwingine.

Sasa upepo unageuka. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa una watu 889,946 kutoka 702,097 wa mwaka 2012, na kasi imepanda hadi asilimia 2.4. Parachichi na mbao vimeipandisha ardhi thamani, na wajukuu wa waliohamishwa wanarudi kutafuta hame la babu. Wajue jambo moja kabla ya kulipa nauli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 15, ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na kuzifuta haki zilizokuwapo kabla. Mianzi ya babu inaweza kuwa bado inagemwa ulanzi, lakini kama shamba lile aligawiwa mtu mwingine katika miaka hiyo, kisheria ni la mtu huyo.