Gari, hema na magoti: watoto wa Kostelić na bei ya msimu

Wandugu, kuna hadithi moja sisi watu wa diplome tunaipenda kupita kiasi. Mtoto anazaliwa ndani ya shida, anasoma na njaa, baba hana kitu, wanafanya Article 15, na mwishoni anakuwa mtu mkubwa juu ya ile shida yenyewe. Tunaisikia siku ya kolasio, tunaisikia kwenye matanga, tunawahadithia wadogo zetu wenye wamefukuzwa masomo kwa sababu ya minerval. Mimi ni mtu wa historia, na katika kazi yetu hilo neno «juu ya» ni la kuogopa. Kuonyesha kwamba kitu kimoja kilikuja mbele ya kingine ni rahisi. Kuonyesha kwamba kimoja kilizaa kingine, hapo ndipo jasho linaanza kutoka.

Basi leo nimechukua hadithi ya namna hiyo, ya mbali na kwetu, ili tuipime bila kuumizana. Ni ya ndugu wawili wa Zagreb, Kroatia: Ivica Kostelić, aliyezaliwa 1979, na dada yake Janica, aliyezaliwa Januari 1982. Kazi yao ilikuwa ski ya milima. Theluji sisi tunaijua: mtu wa Mutwanga akiamka asubuhi mbingu ikiwa safi, anaiona juu ya Ruwenzori. Ila kwetu hakuna mtu anavaa mbao mbili miguuni na kushuka nayo mbio. Kule wanafanya hivyo, wanapimwa kwa kronometre, na msimu mmoja wa kushindana unaanza Oktoba kwenye barafu ya Sölden, Austria, na kuisha Machi. Katikati ni kusafiri tu: Austria, Italia, Uswisi, Ufaransa, hata Marekani. Mshindi wa kila shindano la Kombe la Dunia anapata pointi 100, wa pili 80, wa tatu 60, hadi wa 30 mwenye anapata pointi moja. Zinajumlishwa hadi mwisho, kama vile sisi tunavyojumlisha pointi za mwaka wa masomo. Ukiwa mgonjwa Januari, hakuna sesio ya pili.

Baba yao, Ante Kostelić, alikuwa mtu wa handball, si wa ski. Watu wa Zagreb wanamwita Gips. Neno hilo kwa lugha yao ni kile kitu cheupe kigumu wanachofunga nacho mfupa uliovunjika, kile sisi tunaita platre. Kumbukeni jina hilo. Mlima waliokuwa nao nyumbani ni Sljeme, pale juu ya mji, wenye kimo cha kupita kidogo metre 1000. Kwa mtu anayetaka kushindana na watoto wa Austria, ni kilima cha kujifunzia. Theluji ya kweli, ile ya kufanyia mazoezi hata vakanse kubwa, iko juu ya barafu za Alpes, na Alpes haziko Kroatia. Kwa hiyo tangu watoto wakiwa wadogo familia ilikuwa inapanda gari na kuvuka mipaka. Hoteli ilikuwa ghali. Walilala ndani ya gari, walilala ndani ya hema, kwenye baridi ambayo mimi nisingemwombea hata adui.

Mwaka 1991 Kroatia ilijitangazia uhuru kutoka Yugoslavia na vita ikaanza. Iliendelea hadi 1995. Mwezi wa tano wa mwaka huo roketi zilianguka katikati ya Zagreb. Janica alikuwa na miaka 13. Nchi ya watu kama milioni nne na nusu, yenye vita, yenye wakimbizi, haikuwa na pesa ya kutupa juu ya watoto wanaoteleza. Leta haikulipa. Shirikisho la ski lilikuwa dogo. Baba alilipa, na alipokosa, waliendelea bila.

Hapa sasa wahadithiaji wanakimbia moja kwa moja hadi kwenye medali. Ngojeni kwanza.

Februari 1998, Janica akiwa na miaka 16, alishindana kwenye Michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, na akakuwa wa nane katika kombine, shindano linalochanganya mteremko wa mbio na slalomu. Januari 1999, kule St. Anton, Austria, alishinda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, tena kombine. Alikuwa na miaka 17, umri ambao kwetu mtu bado anatafuta Diplome d'Etat. Desemba ya mwaka huo huo, kule St. Moritz, alianguka. Goti lilivunjika vibaya, ligamenti zikakatika.

Niwaeleze juu ya goti, maana bila goti hadithi hii haieleweki. Kiatu cha ski ni kigumu kama gamba la kobe na kimekamatwa kwenye ubao. Kifundo cha mguu kinalindwa vizuri, hakigeuki. Kumbe nguvu yote inapanda juu. Ubao ukinaswa kwenye theluji na kugeukia kushoto wakati mwili unaenda kulia, kitu cha kwanza kisicho na ulinzi ni goti. Ndiyo sababu katika mchezo huu kijana wa miaka 18 anaweza kuwa na goti la mzee. Msimu wake wa 1999-2000 uliishia palepale.

Alirudi msimu uliofuata, na alivyorudi ni ajabu: alishinda slalomu nane, akachukua kombe la slalomu, na pia kombe la jumla la mwaka 2001 mbele ya Renate Götschl wa Austria. Miaka 19. Msichana kutoka nchi isiyo na mlima mrefu wa ski aliwapita watoto wa Austria, ambao kwao ski ni kama mpira kwetu.

Halafu 2002. Watu wa Goma watauweka mwaka huo haraka: Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari. Mwezi uliofuata, Salt Lake City, Marekani, Janica alifika na goti lililopasuliwa tena baada ya ushindi wa 2001. Alipata zahabu ya kombine. Siku tatu baadaye, katika super-G, alikosa zahabu kwa sekunde 0,05 tu, Daniela Ceccarelli wa Italia akiwa wa kwanza. Halafu slalomu: zahabu, mbele ya Laure Péquegnot wa Ufaransa kwa sekunde 0,07. Halafu slalomu kubwa: zahabu ya tatu. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kupata medali nne za ski ya milima katika Michezo moja. Na kabla ya zile nne Kroatia haikuwa na medali hata moja ya Olimpiki ya baridi. Piga macho mara moja: sekunde 0,05 tayari zimepita.

Lakini mimi, tangazo langu ninalolipenda si Salt Lake City. Ni la kaka, Aspen, tarehe 25 Novemba 2001.

Katika slalomu unashuka mara mbili. Wale wenye cheo wanaanza mapema, theluji ikiwa bado laini na ngumu sawasawa. Kila anayepita anachimba mfereji kuzunguka kila kijiti. Ukiwa na namba 5 unakuta barabara ya asfalti, ukiwa na namba 64 unakuta barabara ya Bukavu-Uvira wakati wa mvua. Na ili upate namba nzuri lazima uwe na pointi, na ili upate pointi lazima ushuke vizuri kwenye mashimo ya wengine. Hakuna aliyekaa na kusema «tuwanyime maskini». Ni mpango tu, na kwa jicho la mchezo uko na akili. Lakini anayetoka nyuma anateleza mlima mwingine, si ule ule wa wenzake.

Ivica alianza na namba 64. Alikuwa ametimiza miaka 22 siku mbili mbele. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya kuvunjika magoti na hospitali, na majina ya watu wa rika lake yalikuwa yameanza kusahau lake. Alishuka katika ile mifereji na akaingia ndani ya 30 wa kwanza, wale wanaoruhusiwa kushuka mara ya pili. Jioni alikuwa mshindi. Ule ulikuwa ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia, na msimu ulipoisha Machi kombe la slalomu la wanaume lilikuwa lake.

Sasa turudi kwa lile neno letu. Ilikuwa juu ya shida?

Tuchukue watoto wengine wa vita ile ile. Sarajevo, Bosnia, ilipokea Olimpiki ya baridi mwaka 1984. Wanaume walishuka Bjelašnica, wanawake Jahorina, milima ya kweli, ya kupita metre 1900, karibu kabisa na mji. Kwa mlima, mtoto wa Sarajevo alikuwa tajiri kuliko mtoto wa Zagreb. Kuanzia 1992 mji ulizungukwa, milima ikawa ya askari, mabomu ya ardhini yakafukiwa, na njia ya bobsleigh ya Trebević ikawa mahali pa mizinga. Watoto wale walikuwa na shida kuliko watoto wa Kostelić, mara kumi. Kama shida ndiyo mwalimu, wao ndio wangejaza jukwaa la washindi. Hakuna bingwa wa dunia wa ski aliyetoka pale. Walikuwa wanatafuta maji.

Kwa hiyo chunguzeni vizuri familia ya Kostelić ilikuwa na nini. Ilikuwa na gari lenye kutembea. Ilikuwa na mpaka uliofunguliwa upande wa Slovenia na Austria, na pasiporti. Ilikuwa na baba aliyesomea mwili wa mchezaji katika mchezo mwingine, akaweza kupanga mazoezi kwa hesabu na kuyaandika siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Ilikuwa na mama, Marica, ambaye hadithi nyingi zinampita kama vile hakukuwako. Na ilikuwa na siku nyingi mno za kukanyaga theluji. Hema halikumfundisha Janica kugeuka. Hema lilimwezesha kubaki kwenye theluji siku ishirini kwa bei ambayo wengine walibaki nayo siku tatu. Shida haikuwa chanzo, ilikuwa ni ushuru uliolipwa njiani, na wengine wengi waliulipa bila kuvuka.

Najua mtu atanijibu hapa chini: «Lakini ile ukali wa baba, ile kuzoea baridi, si ndiyo iliwapa roho?» Sikatai yote. Mtu aliyelala kwenye gari kabla ya shindano la watoto huenda haogopi namba 64. Ile ninayokataa ni hesabu inayoandika mapato na kuficha matumizi. Jina la baba ni Platre, na matumizi yaliandikwa kwenye magoti ya watoto. Yote wawili walipasuliwa mara nyingi, hata mimi nilichoka kuhesabu. Mwaka 2004 Janica alikosa msimu mzima, goti na tezi ya shingo pamoja, tezi ikatolewa. Alirudi, akachukua zahabu tatu katika mashindano ya dunia ya Bormio 2005, zahabu nyingine Torino 2006, na mwaka huo huo kombe la jumla kwa mara ya tatu. Aprili 2007 alitangaza kwamba anaacha. Alikuwa na miaka 25. Mwili ulikuwa unauma kila siku.

Miaka 25, wandugu. Wengi wetu hapa kwa umri huo tulikuwa tunangojea juri itutie ku mukeka wa kutetea memwari.

Ivica alivumilia zaidi. Alichukua kombe la jumla la wanaume mwaka 2011, akaacha 2017, na Olimpiki ilimpa fedha nne bila zahabu hata moja. Nafikiri ni yeye, kuliko dada yake, ambaye historia ya mchezo huu ingetakiwa kumsoma, maana kwake inaonekana vizuri ni miaka mingapi ya kazi inaweza kukaa nyuma ya sekunde chache. Ila watu wanapenda zahabu, na mimi pia nimeanza na habari za Janica.

Neno la mwisho ni la Sljeme, kile kilima cha kujifunzia. Baada ya medali zile, pesa zilipatikana: mashine za kutengeneza theluji, taa za usiku, na kuanzia Januari 2005 Kombe la Dunia la slalomu lilikuwa linapanda hadi pale juu ya Zagreb karibu kila mwaka, kwa miaka mingi. Kombe la slalomu la wanawake Kroatia ililichukua na Janica mwaka 2006, halafu ikangoja miaka 19. Mwaka 2025 lilichukuliwa na Zrinka Ljutić, mtoto wa Zagreb, aliyezaliwa 2004. Yeye alipoanza kusimama kwenye ski, taa za Sljeme zilikuwa zimeshawashwa.