Vemuti, au mvinyo wa pakanga

Abiria wengi wa Dodoma wakishuka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, huwa na mifuko ya zabibu mkononi, na mvinyo wa zabibu hizo unauzwa madukani humo humo mtaani. Mvinyo si mgeni kwetu. Lakini chupa iliyoandikwa "vermouth" ikipangwa karibu yake, jibu la kwamba ni waini tu halimfai mnunuzi.

Vemuti ni mvinyo uliokolezwa kwa mitishamba, ukatiwa pombe kali kidogo na mara nyingi sukari. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mvinyo usipungue asilimia 75 ya kinywaji, na lazima kitumike kiungo cha mimea ya jamii ya pakanga. Hapo ndipo lilipotoka jina: Wajerumani huiita pakanga "Wermut". Msomaji wa Biblia anaujua uchungu wake tangu Ufunuo sura ya 8. Hata mgonjwa wa malaria ameonja ukoo huo, kwani artemisinini iliyomo katika dawa mseto hutoka kwa ndugu yake wa China.

Vemuti ninayoipenda kuieleza ni ya Chambéry, mji wa Savoie chini ya milima ya Alps. Joseph Chavasse alianza kuitengeneza mwaka 1821, wakati Savoie haikuwa sehemu ya Ufaransa; iliunganishwa nayo mwaka 1860. Kiwanda chake ndicho kinachojulikana leo kwa jina la Dolin. Jirani zao wa Turin walisifika kwa vemuti nzito, nyekundu. Chambéry walichagua mvinyo mwepesi na mimea ya milimani, wakapata kinywaji cheupe kama maji: kitamu, chenye harufu ya maua, na uchungu unaokuja mwishoni kwa upole. Tangu 1932 jina Chambéry linalindwa kisheria kwa vemuti ya huko.

Sasa istilahi. "Mvinyo mweupe wa milimani" inapotosha, kwa sababu inaficha mmea ulioupa mvinyo huo jina. "Vamuthi" inafuata th ya maandishi tu. Wafaransa wenyewe huitamka t. Kwa hukumu yangu, tutohoe "vemuti" na tuifafanue "mvinyo wa pakanga". Hii ya Chambéry iwe "vemuti nyeupe". Jina la mji lisitafsiriwe, kama ambavyo tusingependa Dodoma ifutwe kwenye chupa zetu. Waandishi wa menyu na wafasiri, anzeni kutumia neno "vemuti", na BAKITA walipime.