Majina Yaliyopitwa na Wakati katika Kurasa za Vyuo Vikuu: Mfano wa Kiwanja

Historia ya vyuo vikuu vya Kongo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kubatizwa upya. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, ikafuatiwa na Chuo Kikuu Rasmi cha Élisabethville mwaka 1956, na kile cha Stanleyville mwaka 1963. Mwaka 1966 miji hiyo ikaitwa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Mwaka 1971 vyuo vyenyewe viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, yaani UNAZA, na masomo ya lugha na fasihi yakakusanywa Lubumbashi. Muungano huo ukavunjwa mwaka 1981. Zaire nayo ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997. Mtu aliyehitimu mwaka 1978 ana shahada ya chuo kisichokuwapo, iliyotolewa na nchi isiyoitwa hivyo tena.

Hati ya zamani ikikaa kabatini, rangi ya karatasi yake peke yake humtahadharisha msomaji. Ukurasa wa tovuti hauna dalili hiyo: husomwa leo kana kwamba umeandikwa leo. Ndiyo maana wasimamizi wa tovuti za vyuo huona vyepesi kufuta yaliyopitwa na wakati, au kuyasahihisha kimyakimya, UNAZA ikageuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tendo hili la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa kuwa linazaa uongo wenye sura ya usahihi.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi Kiwanja, mji mdogo wa Rutshuru, yapata kilomita 70 kaskazini ya Goma. Hapo vita vilipita mwaka 2008, vikarudi 2012 na tena 2022. Mkimbizi huondoka na watoto na godoro. Vyeti huachwa nyuma. Kwa mtu kama huyo orodha ya zamani ya wahitimu, yenye jina la chuo kama lilivyokuwa siku ile, yaweza kuwa shahidi pekee aliyesalia.

Hata kulitafuta jina la Kiwanja si kazi rahisi. Neno lenyewe ni nomino ya kawaida, na mtafutaji huletewa viwanja vinavyouzwa Dar es Salaam na Nairobi kabla ya kuufikia mji. Humlazimu aongeze jina la jimbo, lakini lipi? Hadi mwaka 1988 lilikuwa Kivu tu, ndipo likagawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema.

Haifuati kwamba kila cha kale kiachwe kilivyo. Tangazo la ada ya mwaka uliopita likibaki bila alama, mwanafunzi wa Kiwanja atapanda gari hadi Goma akiwa na fedha pungufu. Tangazo la namna hiyo liondolewe mbele, liwekwe katika hifadhi pamoja na tarehe yake. Jina la kale, kwa upande wake, libaki palepale, na kando yake iandikwe miaka lililotumika na jina lililolirithi. Ndivyo Chuo Kikuu cha Goma kinavyopasa kuelezwa: tawi la Kisangani tangu 1993, chuo kinachojitegemea tangu 2004. Shahada iliyotolewa kati ya miaka hiyo miwili ilitoka Kisangani, ingawa mwenye nayo hakuwahi kufika huko.